Kifaa Kilalacho Huku Kikila: Umeme wa Kusubiri na Haki ya Mnunuzi

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa jumuiya ndogo ndogo, Katoro)



Tume ya Haki na Amani imetukabidhi mada ambayo kwa kuitazama mara moja yaweza kuonekana ndogo mno. Katika vikao vyetu tumezoea kusikia habari nzito: mashamba ya wajane, zebaki kwenye mialo ya dhahabu, wachimbaji wadogo wa Rwamgasa na Nyarugusu na maduara yao. Leo tunataka kuzungumza juu ya taa ndogo nyekundu: ile inayobaki ikiwaka kwenye runinga, king'amuzi au sabufa baada ya sisi kubonyeza rimoti na kwenda kulala.

Tumeiletea mkutano huu mada hii kwa sababu ugomvi wa LUKU umekuwa mgeni wa kudumu katika nyumba zetu za kupanga. Vyumba sita, mita moja. Mama auzaye vitumbua ana taa moja na chaja ya simu. Jirani yake ana runinga, king'amuzi na sabufa. Siku ya kuchangia, kila mmoja huambiwa atoe sawa na mwenzake. Maneno hutoka, salamu hukatika, na wajumbe wa jumuiya huitwa kusuluhisha. Mara nyingi husuluhisha bila kujua uniti zilikwenda wapi, maana hata mwenye sabufa huapa kwa haki kabisa kwamba alikuwa ameizima. Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Tuutafute basi huyo alaye.

1. TAA NYEKUNDU INA MAANA GANI

Tunapozima kifaa kwa rimoti, hatukizimi. Tunakilaza. Kifaa kinabaki kimetega sikio, kikisubiri rimoti imwamshe tena. Ili jicho lake lipokee amri ya rimoti, na ili ubongo wake mdogo uielewe amri hiyo, hakina budi kuendelea kupokea umeme usiku kucha na mchana kutwa. Umeme huu wauitwe nini? Sisi tutauita umeme wa kusubiri.

Kazi yenyewe ya kusubiri ni ndogo sana. Kutega sikio kwa rimoti kwaweza kufanywa kwa sehemu ndogo tu ya wati moja. Lakini vifaa vingi vilivyomo majumbani hutumia wati tano, wati kumi, na pengine zaidi, kwa kazi hiyo hiyo. King'amuzi ndicho chenye sifa mbaya kuliko vingine: vingi vya zamani, vinapoonekana kuwa vimelala, hutumia umeme unaokaribia ule vinaotumia vikiwa macho. Taa imebadilika rangi tu; ndani kazi inaendelea kama kawaida.

2. TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Si nyumba ya mtu tunayemjua, ni mfano wa hesabu tu. King'amuzi kinakula wati 10 kikiwa kimelala, sabufa wati 6, runinga wati 4. Jumla wati 20. Vifaa hivi hutazamwa na kusikilizwa saa nne kwa siku. Saa 20 zilizobaki vinasubiri. Wati 20 mara saa 20 ni wati-saa 400 kwa siku. Kwa siku 30 ni wati-saa 12,000, yaani uniti 12 za LUKU.

Sasa tutazame bei. Katika bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani aliwekewa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Nia ya mpango huo ilikuwa njema: maskini apate mwanga kwa bei anayoimudu. Lakini angalieni. Nyumba ya mfano wetu ikitumia uniti 70 kwa kazi zenye manufaa, inabaki ndani ya unafuu huo. Ikiongezewa zile 12 za kusubiri, inafika 82. Uniti tano za kwanza zinagharimu shilingi 500, na saba zilizovuka mpaka zinagharimu shilingi 2,450. Jumla ni shilingi 2,950 kwa mwezi, nazo ni shilingi 35,400 kwa mwaka. Fedha hiyo haikuwasha taa wala haikuchaji simu. Haikumwonyesha mtoto hata kipindi kimoja. Ilitoweka kama joto nyuma ya sabufa.

Na katika nyumba ya kupanga mambo ni mazito zaidi. Mita moja ikibeba vyumba sita, nyumba yote huruka kizingiti cha uniti 75 mapema, ingawa kila chumba peke yake ni maskini. Hivyo uniti za usingizi hulipiwa zote kwa bei ya juu, na hulipwa hata na yule ambaye hana kifaa kinacholala.

Tuende nje ya mji, kwenye nyumba zinazotumia sola. Paneli ya wati 50, jua likiwa zuri, yaweza kuvuna wati-saa zipatazo 200 kwa siku. King'amuzi cha wati 10 kikisubiri kwa saa 20 kinakula wati-saa 200. Yaani mavuno yote ya jua ya siku nzima yanaliwa na kifaa kimoja ambacho hakuna anayekitazama. Jioni betri ikiwa imekwisha, baba hulaumu betri, fundi hulaumu mawingu, na mtoto anasoma kwa tochi ya simu.

Na tukihesabu kwa wingi, nyumba elfu moja zenye wati 20 kila moja ni kilowati 20 zisizopumzika. Mota ya mashine ya kusaga yenye nguvu za farasi 20 hutumia takriban kilowati 15. Nyumba elfu moja zilizolala zinatumia kuliko mashine ya kusaga inayonguruma usiku kucha, na hakuna debe hata moja la unga linalotoka.

3. UAMUZI HUFANYIKIA WAPI

Hapa ndipo kiini cha mada yetu kilipo. Tumezoea kuambiwa kwamba upotevu wa umeme ni kosa la mtumiaji: mama amesahau kuchomoa, kijana ni mzembe. Sisi tunasema kwamba uzembe upo, lakini mzizi hauko sebuleni. Upotevu huu huamuliwa mezani kwa mbunifu wa kifaa, siku nyingi kabla kifaa hakijapakiwa melini.

Mafundi wetu wa Katoro waliofungua sabufa wanalijua jambo hili kwa macho. Ndani ya sabufa nyingi za bei nafuu mna transfoma nzito ya chuma na nyaya za shaba. Mtengenezaji huweza kuiweka swichi kabla ya transfoma au baada yake. Akiiweka baada yake, swichi hukata umeme wa vipaza sauti tu. Transfoma yenyewe inabaki imeunganishwa na umeme wa ukutani daima. Chuma chake kinaendelea kupata sumaku na kuipoteza, mara 100 kwa kila sekunde, na kinapata joto. Wekeni mkono nyuma ya sabufa alfajiri, kabla mtu hajaiwasha. Likiwapo vuguvugu, hiyo ndiyo LUKU yenu.

Njia za kurekebisha zinajulikana, wala si siri. Ya kwanza ni swichi ya kweli, iliyo mbele ya kifaa na inayokata umeme kabla haujaingia ndani. Runinga nyingi za zamani zilikuwa nayo. Rimoti ilipozoeleka, wengi wakaiondoa. Ya pili ni kubadili ile sehemu ya kupokea umeme, ambayo mafundi huiita pawa saplai: badala ya transfoma nzito, hutumika saketi nyepesi inayokata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa, na ambayo kazi ikipungua hupumzika, ikishtuka mara chache tu kama mtu anayepumua polepole usingizini. Ya tatu ni kumpa mlinzi mmoja tu kazi ya kukesha: kipande kidogo kinachosikiliza rimoti kinabaki macho, na sehemu nyingine zote zinakatiwa umeme kabisa. Ya nne ni kifaa kujilaza chenyewe, endapo saa zimepita bila mtu kukigusa.

Mtengenezaji anayeacha kufanya haya huokoa fedha kidogo kwa kila kifaa. Fedha hiyo haipotei, inahamishwa. Inatoka katika gharama za kiwanda na kuingia katika LUKU ya mnunuzi, na inalipwa kidogo kidogo kwa miaka yote ya uhai wa kifaa. Bandu bandu huisha gogo. Mnunuzi hakuulizwa, na kwenye boksi hakuandikiwa. Alidhani amenunua kitu cha bei nafuu, kumbe amenunua deni. Manabii waliwakemea wafanyabiashara wenye mizani ya udanganyifu. Mizani ya namna hii nayo, isiyoonekana na isiyosemwa, yatupasa kuitazama kwa jicho lile lile.

Mnataka ushahidi kwamba ubunifu bora wawezekana? Tazameni vifaa vinavyouzwa pamoja na sola, paneli na betri na runinga katika furushi moja. Runinga zake kwa kawaida hula umeme kidogo sana, macho na usingizini. Kwa nini? Kwa sababu muuzaji ndiye anayetoa betri. Runinga ikiwa mlafi, itambidi aongeze betri na paneli kubwa, na furushi lake halitauzika. Pale ambapo hasara inamrudia mwenye kubuni, ujuzi hupatikana upesi. Pale ambapo hasara inamwangukia mnunuzi, ujuzi husinzia.

4. WENGINE WAMEFANYA NINI

Jambo hili lilianza kusemwa kwa sauti mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtafiti Alan Meier, wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alipendekeza mwaka 1998 kwamba kifaa chochote kinaposubiri kisizidi wati moja. Mwaka uliofuata, Shirika la Kimataifa la Nishati lilizihimiza nchi wanachama kulifuata pendekezo hilo. Mwaka 2001 Rais wa Marekani aliagiza idara za serikali yake zinunue vifaa vinavyosubiri kwa wati moja au chini yake, pale vinapopatikana.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi, ukaweka sheria. Kanuni ya mwaka 2008 iliamuru kwamba kuanzia Januari 2010 vifaa vya nyumbani na vya ofisini visizidi wati 1 vikiwa vinasubiri, na kuanzia Januari 2013 visizidi nusu wati. Vyenye kuonyesha saa au habari nyingine vikapewa nafasi ya ziada kidogo. Kanuni mpya ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Mei 2025, imekaza zaidi: kifaa kilichozimwa kabisa kimewekewa kikomo cha wati 0.3 kuanzia Mei 2027.

Kwa ving'amuzi vya aina rahisi Ulaya iliweka kanuni ya peke yake mwaka 2009: wati 1 ya kusubiri kuanzia 2010, nusu wati kuanzia 2012, na kifaa kijilaze chenyewe zisipite saa tatu bila kuguswa. Waliharakisha kwa sababu walijua matangazo ya runinga yanahamia mfumo wa dijitali na kila nyumba italazimika kununua king'amuzi. Sisi pia tulihama. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza mwaka 2013. Tulipokwenda madukani tulizungumza habari za chaneli, bei ya kifurushi na dishi. Habari ya wati haikuwa katika mazungumzo ya kaunta.

Hapa Afrika nako mwanga upo. Kenya ilitunga mwaka 2016 kanuni za ufanisi na lebo kwa vifaa kama friji, viyoyozi na mota. Nyota nyingi juu ya lebo humwambia mnunuzi kwamba kifaa hiki hakili sana. Ghana ilipiga marufuku uingizaji wa friji zilizotumika, na marufuku hiyo ikaanza kusimamiwa kwa nguvu mwaka 2013. Basi si kweli kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu.

Na ipo sababu ya kuharakisha. Mlango mmoja ukifungwa, mzigo hutafuta mlango ulio wazi. Kifaa kisichoruhusiwa tena kuuzwa katika nchi yenye sheria kali hakitupwi baharini. Chaweza kupakiwa kwenda nchi isiyouliza. Soko kama la Katoro, linalowahudumia wachimbaji wenye fedha taslimu mkononi pamoja na wakulima wa vijiji vingi, ni mahali ambapo mzigo wa namna hiyo hupata wateja upesi.

5. HOJA MBILI ZINAZOPASWA KUJIBIWA

Wapo watakaosema: jambo hili ni dogo, pasi na friji hula zaidi. Ni kweli kwamba pasi ikiwaka hula wati elfu moja na zaidi. Lakini pasi ikila, nguo inanyooka. Na friji ikila, maziwa hayachachi. Hatupingi umeme unaofanya kazi. Tunapinga umeme unaolipiwa bila kufanya kazi. Na kama hesabu ilivyotuonyesha, uniti 12 ni karibu sehemu moja ya sita ya zile uniti 75 alizopewa maskini kwa bei nafuu. Kwa kifaa kilichobuniwa kwa nusu wati, nyumba ile ile yenye vifaa vitatu ingetumia chini ya uniti moja.

Wengine watasema: mkiweka sheria kali, bei itapanda na maskini hatanunua runinga. Hoja hii ni ya kuheshimiwa, maana inamtetea mnyonge. Lakini Ulaya ilipoweka nusu wati, runinga hazikutoweka madukani. Na hata bei ikipanda kidogo, tuweke pamoja bei ya dukani na ya LUKU. Mfano wetu ulionyesha shilingi 35,400 kwa mwaka; kwa miaka mitano ni shilingi 177,000. Maskini hapungukiwi anapolindwa dhidi ya deni lililofichwa. Ila tunakubali kwamba sheria isiwe fimbo ya kumnyang'anya mtu kifaa alicho nacho tayari. Imlenge anayetengeneza na anayeingiza, si mama aliyekwisha kununua.

6. YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, tupime. Mita ya LUKU ina taa ndogo inayomweta. Juu ya mita pameandikwa ni mimeto mingapi kwa uniti moja. Nyingi huwa ni 1000, nyingine huwa na idadi tofauti. Usiku mmoja, nyumba nzima ikubaliane: zimeni taa, chomoeni chaja, zimeni friji kwa muda huo mfupi tu, mkaviache vifaa vilivyolala. Hesabuni mimeto kwa saa moja. Kama mita yenu ni ya 1000, idadi ya mimeto ndiyo wati zenyewe: mimeto 20 ni wati 20. Kisha washeni friji tena. Nyumba yenye ugomvi wa LUKU ikifanya kipimo hiki kwa pamoja, itakuwa na cha kuzungumzia badala ya cha kushutumiana.

Pili, tuzime ukutani. Soketi zetu nyingi zina swichi, hiyo haidanganyi. Runinga, king'amuzi na sabufa viunganishwe kwenye waya mmoja wa soketi nyingi wenye swichi, ili kidole kimoja kivilaze vyote kwa kweli. Friji ya nyumbani na ile ya chanjo katika zahanati zisihusishwe kamwe na zoezi hili.

Tatu, katika nyumba za kupanga, mchango wa LUKU ufuate vifaa. Si haki mwenye taa moja alipe sawa na mwenye vifaa vitatu. Wenye nyumba, ambao wengi mko hapa, wekeni utaratibu ulioandikwa, na uwezo ukiruhusu kila chumba kipate mita yake ndogo ya kuhesabu.

Nne, tuulize dukani kabla ya kulipa: kikilala kinakula wati ngapi? Je, kina swichi ya kweli? Muuzaji wa kwanza hatajua. Akiulizwa na watu kumi kwa wiki, atamwuliza aliyemletea mzigo.

Tano, tuseme na wenye dhamana. Shirika la Viwango la Taifa, TBS, liko tangu mwaka 1975, na kazi yake ni kutulinda dhidi ya bidhaa duni. Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015 inatambua matumizi bora ya nishati. Tunapendekeza parokia zetu ziwaandikie madiwani na wabunge wetu tukiomba mambo mawili yaliyo wazi: kikomo cha umeme wa kusubiri kwa vifaa vyote vya nyumbani vinavyoingia nchini, na maandishi ya Kiswahili juu ya boksi yanayotaja kifaa kinakula kiasi gani kikiwa macho na kikiwa kimelala. Barua iwe ya heshima, iwe na vipimo vyetu wenyewe, na ijibiwe.

Ndugu wapendwa, taifa letu limejenga bwawa kubwa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme huo umepatikana kwa fedha ya wananchi wote. Ukifika katika mitaa ya Katoro, na usage, uangaze, upoze dawa, uchomelee vyuma. Usiishie kuwalisha wanaolala.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, mchango wa LUKU hupangwa kwa kufuata nini? Ni nani anayelipa kuliko anavyotumia?

2. Jumuiya yetu itapima nyumba zipi mwezi huu, na matokeo yataletwa kwa nani?

3. Ni nani kati yetu ni fundi au mwenye duka la vifaa vya umeme? Anaweza kutufundisha nini juu ya kuchagua kifaa kabla ya kununua?

4. Barua yetu kwa diwani na mbunge itaandikwa na nani, na tutaifuatilia lini?